Ua Nilioufagia Mbaraki

Sauda mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi uliponiletea chai, na majibu yake ukanipa, kwa hivyo hapo tusipoteze wino. Barua hii nimeiandika mwenyewe, usidhani nimeandikiwa na mtu. Darasa la nne nililoishia linatosha kwa haya ninayotaka kusema, na pale mkono utakapokosea utasoma hivyo hivyo, usinicheke. Alasiri imepita, wewe umekwenda Makadara kuaga mashoga zako, na mimi nimefunga mlango wa chini asije mtu kuniomba mdalasini.

Habari za sweta na soksi na baridi ya Kericho hutazikuta humu. Hizo nimezipigia kelele wiki nzima, mpaka jirani wa juu naye amenunua sweta. Humu mna jambo moja tu. Ningelisema kwa mdomo, lakini mdomo wangu naujua: ukifunguka, hugomba. Ningeanza kukueleza kosa langu, na kabla sijalimaliza ningekuwa nimekugombeza wewe kwa namna ulivyokaa kitini.

Basi, sikiliza. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunakunja mashuka, wewe umeshika ncha zako na mimi zangu, ukaniuliza, "Bibi, kabla sijaondoka nataka nikamsomee mama, na nyanya Mejumaa pia. Mama najua alipo. Kaburi la nyanya liko wapi?" Nikakwambia liko Kwale, ndani ndani huko, na njia imeharibika kwa mvua. Ukasema haya, utakwenda ukija likizo. Ukavuta shuka, tukaendelea kukunja.

Bi Mejumaa hana kaburi Kwale. Hana kaburi popote. Mama wa baba yako yuko hai, anakaa Mbaraki, na kwa tuktuk kutoka mlangoni petu ni mwendo wa dakika kumi kama hakuna malori njiani. Miaka yote hii alikuwa hapo hapo.

Soma tena kama hukuamini. Kisha keti.

Ulikuwa na miaka saba uliporudi kutoka chuo cha Kurani ukaniuliza kwa nini wenzako wana bibi wawili wawili na wewe una mmoja. Nikasema wa pili amekufa. Sikulifikiria neno lenyewe, lilinitoka kama mtu anavyofukuza kuku. Ukalia kidogo, ukauliza amekufa na nini. Nikasema moyo. Tangu siku ile kila hitima ya mama yako umeliongeza jina lake, na mimi niko pembeni na tasbihi yangu, naitikia amina. Namwitikia amina ya maiti mtu ambaye saa ile ile anapika uji wake. Wachache waliojua ukweli waliniogopa, na wengi wao wametangulia. Mdomo wangu huo huo.

Sasa nikwambie lilikotoka, maana uongo wa namna hiyo hauzaliwi siku moja.

Mama yako Fatuma alipotaka kuolewa na baba yako mimi nilikataa. Hilo unalijua. Nilisema kijana ni baharia, na mabaharia hawana kwao. Kaka zangu wawili walikuwa mabaharia na nilikuwa nikiringa nao mtaa mzima! Sababu yenyewe ni kuwa mamake kijana alikuwa Mdigo, amekuja na mumewe kutoka Kwale, mume akapata kazi gatini Mbaraki, wakajenga, na ua wao ulikuwa na miti. Ndiyo, miti. Sisi wa Kibokoni tumezaliwa baina ya kuta, udongo wetu haujazi kikombe. Bustani yangu unaijua, madebe matatu ya asumini darini. Mtu mwenye miti mingi tulimwita mtu wa porini, tukajiona tumesema la maana.

Na mimi mamangu alinifundisha kufagia kabla hajanifundisha kusali. Likionekana jani moja uani, lile fagio la chelewa lilinipitia miguuni. Nikakua nikijua kuwa mwanamke ni sakafu yake. Nimeingia nyumba za watu nikatazama pembe za chumba kabla sijawatazama wenyewe usoni, na mara nyingi nikatoka bila kuwatazama usoni kabisa. Tabia hiyo nimekupa na wewe, nimeiona. Juzi shoga yako kaingia hapa na viatu vyenye tope, macho yako yakashuka miguuni mwake kabla hujamjibu salamu. Nilikuona, nikafurahi, kisha nikaogopa. Huko uendako utalala chumba kimoja na watoto wa watu kutoka kila pembe. Huo ni urithi wangu, uutupe huko huko njiani.

Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Fatuma alipofika miezi saba nilikaa kumngoja aje. Sikwenda kumchukua, nikasema ataletwa. Na yeye alikuwa mwanangu, kichwa changu kile kile, akakaa anangoja afuatwe. Tukangojana mama na mwana mpaka uchungu ukamshikia Mbaraki, na mikono iliyokupokea ikawa ya Bi Mejumaa na mkunga wake. Mimi niliambiwa kesho yake.

Nikaenda siku ya arobaini. Nimevaa buibui jipya, nimebeba sahani ya halwa. Nilipolisukuma lango nikadhani nimekosea nyumba. Palikuwa na kivuli tu, na harufu ya majani mabichi na makavu pamoja, na miguu yangu ikazama mpaka kwenye vifundo. Majani, mwanangu! Makavu, ya mwaka huo na ya mwaka uliopita, hayajaguswa na ufagio. Bi Mejumaa akanishika mkono akanipeleka pembeni kunionyesha mche wa mkilua, haujafika magotini, umefungwa kitambaa cha kaniki ili mtu asiukanyage. Akasema, "Kitovu chake kiko hapa chini. Mti wake huu." Nikasema mashaallah, kwa mdomo. Moyoni nilisema, hata kitovu cha mjukuu wangu wamekizika jaani.

Mimi nilikwambia kitovu chako kimezikwa hapa kwetu, chini ya ngazi. Huo nao ni uongo. Chini ya ngazi pana saruji tupu.

Hujatimiza miaka mitatu mama yako akatutoka. Baba yako alikuwa kwenye meli, akaleta barua moja, kisha hakuleta tena, na mpaka leo hakuna anayejua ametia nanga bandari gani na mke gani. Bi Mejumaa mwanawe alimpotea hivyo, yuko hai na hayuko. Akabaki na wewe, na mimi nikabaki na wewe. Wazee wakakaa, ikakatwa: siku nne kwangu, siku tatu kwake.

Ukirudi kutoka Mbaraki ulikuwa na udongo kwenye kucha, una mbegu mfukoni, na siku moja una konokono mzima. Nilikuwa nikikusugua mpaka unalia. Lakini si udongo ulionichoma. Ulikuwa ukirudi unacheka. Kwangu hapa ulikuwa mtoto mkimya, unakaa pale nilipokuweka, watu wananisifu kwa malezi. Kule ulikuwa unacheka.

Alhamisi moja nilikwenda kukuchukua mapema. Lango lilikuwa wazi, halijapata kuwa na kufuli maisha yake. Bi Mejumaa hakuwepo, alikubeba mgongoni kwenda Liwatoni kununua samaki. Nikasimama peke yangu katika ule uchafu wake. Nikaona fagio limeegemezwa ukuta wa jikoni, jipya, chelewa zake bado ngumu. Nikavua buibui nikalitundika. Nikafagia.

Unajua kufagia ua wa mwenzio bila kuombwa ni tusi. Hata mtoto wa Kibokoni anajua. Ni kumwambia mwenye nyumba, wewe mchafu, na nimekuja kukufuta. Mimi nilijua, nikafagia kama mtu anayepigana. Nilikokota yale majani yote mpaka ardhi ikabaki uchi. Vijiti vilivyokuwa vikiota ota chini ya miti nilivikusanya na kuving'oa, vile vijani vya kivulini nikavichana na mizizi yake. Nikarundika katikati, nikachukua mafuta ya taa jikoni kwake, nikatia kibiriti. Kulikuwa na mche mmoja umefika kiunoni. Nikauvuta nao, nikautupia motoni. Sikujua kuwa ndio ule.

Hapo nimeweka kalamu, nimekwenda kunywa maji. Nimerudi.

Nakudanganya. Nilijua. Kile kitambaa cha kaniki kilikuwa bado kimefungwa, kimechujuka rangi. Nilikifungua kwanza, taratibu, kwa vidole vyangu, kisha ndipo nikauvuta mche. Mtu asiyejua hafungui kitambaa. Miaka kumi na saba nimejiambia kuwa sikujua, na nimekaribia kuamini, na sasa hivi mkono umetaka kukuandikia wewe uongo ule ule.

Walirudi moshi bado unafuka, wewe mgongoni, samaki kwenye kikapu. Bi Mejumaa akasimama langoni.

"Mkwe, umefagia."

"Nimefagia. Mtoto hakai jaani."

"Umefagia mpaka mchanga."

"Uchafu ukizoeleka watu huuita mapambo," nikamwambia. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu enzi zile.

Akakutua chini, akaenda mpaka pale pembeni, akapatazama, kisha akatazama mkono wangu. Kitambaa kilikuwa bado mkononi. Ningekuwa mimi ningemrukia mtu. Yeye alisema tu, "Mtoto hajala." Nikakubeba hivyo hivyo, hujala, nikatoka. Ulilia njia nzima mpaka Kibokoni.

Akaja kukudai mara nne. Mara ya kwanza alikuja na mzee mmoja, nikasema una homa. Mara ya pili nikasema umelala. Mara ya tatu sikufungua, nikakaa nyuma ya dirisha nikimsikia anavyogonga mpaka kiganja kikachoka. Mara ya nne hakugonga. Aliweka kifurushi cha kunazi barazani, akaenda zake. Nilizimwaga. Baada ya hapo hakuja, na mimi nikajiambia, unaona, hakukutaka sana.

Niliwaambia watu nimekutoa mahali pa nyoka. Nyoka sikumwona hata mmoja. Nilikuwa naogopa kuwa ungeendelea kucheka kule.

Sasa Jumanne iliyopita nilipokwambia nakwenda kwa daktari wa macho, sikwenda kwa daktari wa macho. Baada ya ile habari ya kaburi nilikosa usingizi, na mimi unanijua, hulala kama gogo. Nikachukua tuktuk. Kijana akaniuliza, "Mbaraki wapi hasa, bibi?" Nikasema penye miti. "Basi najua," akasema, "miti Mbaraki ni pale mahali pamoja tu." Na kweli. Huku magorofa, kule maghala, matrela yamepanga foleni, na katikati kichaka cha kijani kimejitokeza juu ya ukuta kama kilemba.

Lango ni lile lile. Kufuli hakuna.

Sijui nikuelezeje palivyo ndani, mtu wa madebe matatu. Nyumba zetu hizi za Mji wa Kale zina orofa, si ndiyo? Na pale pana orofa. Juu kabisa miti mikubwa imefungamana imekuwa dari. Chini yake iko ya kimo cha kati, mizambarau na mikunazi na mlangilangi mmoja umeinama, kisha vichaka vya mikilua, kisha chini kabisa majani mapana ya kivulini na miche midogo midogo isiyo na hesabu. Jua halishuki moja kwa moja, linashuka vipande vipande, kama linavyopita kwenye dirisha la nakshi. Njia ipo, lakini ni ya kuitafuta kwa mguu. Meli ilipiga honi Kilindini na sauti ikafika imechoka. Joto nililokuja nalo sijui nililiacha wapi. Na yale majani chini, mwanangu, yale yale! Nilikanyaga nikazama, kandambili ikabaki nyuma, nikasimama mguu mmoja kama korongo.

"Nani huyo anayetembea kama anaogopa kuchafuka?" sauti ikauliza.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta mbaazi. Amekuwa mdogo. Macho yameingia ukungu, anaona kivuli tu.

"Mimi."

"Mimi ni nani? Hapa kila mtu ni mimi."

"Shamsa."

Ungo ukatulia. Kisha akasema, "Ufagio umeuacha wapi?"

Nikasema nimefuata maua ya vilua ya kutungia vikuba vya bibi harusi.

"Mwongo mzee weye. Vilua huchumwa alfajiri, na saa hizi ni saa tisa. Keti."

"Niketi wapi?"

"Hapo hapo. Kiti chako hicho umekikanyaga."

Nikakaa kwenye majani, na buibui langu la kutokea. Yalikuwa makavu juu, baridi na laini chini. Nikatia kidole, nikakuta udongo mweusi kama kahawa iliyosagwa. Mimi huo sikuujua. Nilikuwa na miaka sabini na moja na sikujua kuwa majani ndiyo yanayokuwa udongo. Nilidhani udongo upo tu.

Akainuka, akachukua fimbo, akasema nimfuate. Yeye haoni na ndiye aliyekuwa akinionyesha. Anaweka kiganja kwenye gome, anataja. Alifika kwenye mti mmoja mnene, akanishika mkono akauweka pale. "Huu unaujua?" Nikasema siujui. "Mbambakofi. Mlango wako wa Kibokoni si ni mbambakofi? Umeufungua na kuufunga miaka yote na hamjajuana." Mlango ule nimewafungia watu wengi nyuso zao, na mmoja ni huyu.

"Ulipanda yote haya?" nikamuuliza.

"Mimi sipandi sana. Ndege ndio wapandao. Kazi yangu ni kuchagua wa kung'oa. Hung'oa mmoja nikaacha kumi, na huyo mmoja hukaa naye mwaka mzima kwanza, nimtazame atakuwa nani."

Nilijua nasemwa. Nikataka kurudisha, jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza. Sauda, ulimi wako ni wangu. Siku utakayokuwa na jibu tamu kuliko yote, jibu ambalo hata wewe mwenyewe utalisifu, limeze hilo. Mimi yote niliyoyajutia yalikuwa mazuri ajabu nilipoyasema.

Nikamuuliza pale palipokuwa na mche wako ni wapi. Niseme kweli, nilikuwa nimejiandaa kulia. Nilidhani nitakuta pameachwa wazi, pamezungushiwa mawe, na mimi nitasimama hapo na machozi yangu na yeye ataona nimetubu. Akanipeleka. Pana mzambarau, mnene, umejiotea. Hakuna alama yoyote.

"Ni hapa?"

"Ni hapa. Ulitaka niweke jiwe? Ardhi haikukaa kukungoja uje utubu, mkwe."

Basi, aibu iliyonipata hapo ni kubwa kuliko ya kutukanwa. Ndipo nikamwambia. Sikuwa nimepanga kumwambia. "Mejumaa, mtoto nilimwambia umekufa."

Akaegemea fimbo. "Tangu lini?"

"Tangu ana miaka saba."

"Nilikufa na nini?"

"Moyo."

"Afadhali. Nilidhani utanipa tumbo la kuendesha." Kisha akauliza, "Hitima mlinisomea?"

"Kila mwaka. Yeye ndiye anayekukumbuka. Mimi huitikia."

"Labda ilinifika. Mguu wangu huu ulikuwa ukiniuma, ukaacha." Akacheka, na mimi nikacheka, vikongwe wawili chini ya mzambarau. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika na si kicheko tena. Sikumshika. Sikujua kama nina ruhusa.

Alipotulia aliniuliza ulivyo. Nikamwambia mrefu kama yeye, unapiga chafya ovyo, unaimba ukiosha vyombo, na umepata nafasi chuo cha uuguzi Kericho. Akauliza, "Anacheka?" Nikasema, akiwa na wenzake. Akatikisa kichwa, hakuendelea. Kuna watu wanajua pa kukuachia.

Nikamwomba msamaha. Hilo neno kwa binadamu sikuwahi kulitumia. Mungu nimemwomba sana, maana yeye haniangalii usoni. Lilitoka nusu nusu.

Akasema, "Mche nilikusamehe kabla moto haujazimika. Miche ninayo. Mjukuu nilikuwa naye mmoja. Kwa hilo sina haraka nawe, Shamsa. Nitalitazama. Na si la kwangu peke yangu, kuna mwenyewe. Umemwambia?"

"Bado."

"Kamwambie."

"Nimlete?"

"Usimlete! Akiletwa atakuja kwa ajili yako, atakaa hapo anakutazama wewe anivumilie mimi. Mwambie, kisha umwache."

Nikaondoka. Alhamisi sikukwambia. Ijumaa sikukwambia, nikakununulia soksi. Jana sikukwambia. Leo siku zimekwisha, ndiyo maana unaiona karatasi.

Sasa unajua nilijualo. Sikuandikii kukuomba huruma kwa ajili ya uzee wangu, uzee kila mtu anao akingoja. Nimekulea, nimekulisha, nimekaa na wewe usiku wa surua na wa pumu, na hayo yote ni kweli, na hayafuti hili. Nilijaribu kuyaweka pamoja kichwani ili moja lilipe jingine, hayakukubali. Hata wewe usijaribu. Ukinipenda nipende na ukinikasirikia nikasirikie, usichanganye ukanipa uvuguvugu.

Wala usinisamehe kesho kwa sababu tu unasafiri na watu huagana kwa uzuri. Msamaha wa stendi, honi inapigwa na mizigo inapakiwa, siutaki. Mwenzangu kasema atalitazama. Nawe litazame. Ukinijibu baada ya miaka miwili na niko hai, nitapokea, na kama siko, bado litakuwa jibu.

Kinachoniogopesha nakuandikia pia, tusibakishe. Naogopa utakwenda kule upapende. Utakaa kwenye yale majani usitake kuinuka, na utajiuliza ungekuwa nani kama ungekulia pale. Sijui ungekuwa nani. Hilo ndilo nililokunyima, na halina mtu wa kulirudisha, hata Bi Mejumaa hawezi.

Basi lako linatoka kesho saa mbili za usiku. Kuanzia asubuhi una siku nzima ya kwako. Mwambie mwenye tuktuk penye miti. Hakuna kubisha, sukuma lango, sema jina lako kwa sauti maana haoni, na kama utapenda kumwita nyanya au usimwite kitu, ni wewe. Akikuuliza kama nimekutuma, sema hapana. Au rudi kitandani ulale, usiende popote, uende zako Kericho. Hilo nalo ni haki yako, na sitalisemea neno.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako baada ya sala ya alfajiri, kisha nitapanda darini. Chai itakuwa kwenye chupa, mahamri yamefunikwa. Sitashuka kukuuliza umesoma wapi umefika wapi. Jioni ukitaka nikusindikize stendi, niite tu hapo kwenye ngazi, nitateremka na buibui langu tayari. Usiponiita nitausikia mlango ukifungwa, na nitabaki huko huko juu, sitachungulia. Nitachungulia. Lakini hutaniona.

Bibi yako,
Shamsa